Mwezi wa Kuzaliwa Ndama Una Maana



Chukua ndama wawili. Baba yao ni dume mmoja. Mama zao ni majike wa zizi moja. Ndama wa kwanza alizaliwa Novemba, mvua zilipoanza kushika. Wa pili alizaliwa Juni, majani yalipogeuka rangi ya mkeka. Wote wawili walichungwa na kijana yule yule na kunywa maji ya mto ule ule. Lakini kila mmoja alipofikisha umri wa miezi saba, yule wa Novemba alikuwa na shingo nene na manyoya laini. Yule wa Juni alikuwa na tumbo kubwa, mbavu za kuhesabika, na manyoya yaliyosimama.

Watu husema mengi juu ya ndama kama huyu wa pili. Wako wanaosema ameonwa na jicho la husuda. Wengine husema damu ya dume imechoka, wakaenda kutafuta dume jipya kwa bei kubwa. Mara nyingi sababu haiko katika jicho wala katika damu. Sababu iko katika kalenda.

Najua wazee wa Heru Juu na Manyovu watatikisa vichwa. Watasema: kijana huyu wa zahanati, kazi yake ni sindano na kupima watoto, leo anatufundisha ng'ombe sisi tuliozaliwa zizini? Shikamooni, wazee wangu. Kuchunga mnakujua ninyi. Mimi kazi yangu ni kuangalia jinsi mwili unavyokua. Mwili wa ndama na mwili wa mtoto hukua kwa sheria zinazofanana sana. Tena ndama wa kiangazi na mtoto wa nyumba hiyo hiyo hugombea kibuyu kimoja cha maziwa. Ndiyo maana habari hii imeingia katika ukurasa wa afya.

Majani ya mvua na majani ya kiangazi

Tuanze na mvua, maana mvua ndiyo inayolisha majani, na majani ndiyo yanayolisha ng'ombe. Katika mkoa wetu wa Kigoma mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba. Hunyesha mpaka Aprili, au mapema Mei. Katikati, Januari au Februari, hupumzika siku chache. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu mpaka Septemba au Oktoba.

Kliniki huwafundisha akina mama kuwa kuna vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, dagaa, maziwa na karanga. Hivyo ni vyakula vyenye protini. Majani nayo yana protini, lakini si wakati wote. Jani changa, lile linalochipua mvua za kwanza zikinyesha, lina protini nyingi na ni laini tumboni. Jani likishatoa mbegu na kukauka, protini yake hupungua sana. Linabaki kuwa gumu karibu kama kuni. Ng'ombe anaweza kula majani makavu ya Agosti mpaka tumbo lijae, na bado akakonda. Amejaza tumbo, lakini mwili haukupata cha kujengea.

Sasa mfikirie ng'ombe aliyezaa. Maziwa hayatoki hewani. Hutoka katika kile anachokula, na kama hali vizuri, hutoka katika mafuta ya mwili wake mwenyewe. Jike aliyezaa Novemba anakula majani machanga wakati ule ule ndama wake anapohitaji maziwa mengi. Jike aliyezaa Juni ananyonywa huku anakula makapi. Baada ya wiki chache kiwele kinasinyaa.

Ndama mchanga hana njia nyingine. Ng'ombe mkubwa ana tumbo lenye vyumba vinne. Chumba kikubwa ndicho kinachochachusha majani, ndipo ng'ombe acheue. Lakini ndama anapozaliwa chumba hicho bado ni kidogo na hakifanyi kazi. Maziwa hupita moja kwa moja mpaka chumba cha nne. Akifika wiki mbili au tatu huanza kudokoa majani, na chumba kikubwa hukua pole pole. Hufikisha miezi miwili au mitatu kabla ya kuweza kupata nguvu ya kutosha kutoka katika majani. Kabla ya hapo, ndama ni sawa na mtoto wa kunyonya.

Hesabu miezi basi. Ndama wa Novemba anaanza kula majani kweli kweli Januari au Februari, majani yakiwa bado mazuri. Anaachishwa Juni, akiwa na miezi saba, tayari mwili umekaza. Ndama wa Juni anaanza kutegemea majani Agosti na Septemba. Maziwa ya mama yameisha, na majani nayo yamekwisha. Huo ndio mtego wake.

Kuzaliwa mzito si kukua mzito

Hapa pana jambo linalowashangaza wengi, na mimi hunifurahisha kulieleza.

Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku chache. Katika miezi sita ya kwanza ndama aliye tumboni huongezeka kidogo tu. Zaidi ya nusu ya uzito wake wa kuzaliwa huupata katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo chakula cha mama katika miezi hiyo mitatu kina uzito mkubwa.

Sasa yule ndama wa Novemba, mama yake alikuwa wapi miezi mitatu ya mwisho? Alikuwa katika Agosti, Septemba na Oktoba, wakati wa majani makavu. Kwa hiyo ndama wa Novemba mara nyingi huzaliwa mwepesi kidogo. Na ndama wa Aprili je? Mama yake alikula majani ya mvua tangu Januari. Kwa hiyo ndama wa Aprili huzaliwa mzito, anapendeza, na mwenye ng'ombe anafurahi. Lakini wiki chache baadaye mvua zinakatika. Anapofika umri wa kula majani ni Juni au Julai, na majani ndiyo hayo tunayoyajua.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme ndama wa Novemba amezaliwa na kilo 18. Kwa kuwa maziwa na majani yapo, anaongezeka gramu 300 kila siku. Kwa siku 210, yaani miezi saba, ataongeza kilo 63. Atakuwa na kilo 81. Tuseme ndama wa Aprili amezaliwa na kilo 21, akaongeza gramu 200 kwa siku. Kwa siku zile zile 210 ataongeza kilo 42. Atakuwa na kilo 63. Alitangulia kwa kilo 3, sasa ameachwa nyuma kwa kilo 18. Hesabu hii ni mfano tu, kila zizi lina hesabu yake. Lakini inaonyesha jinsi gramu 100 za kila siku, ambazo jicho halizioni, zinavyogeuka kuwa ng'ombe mwingine kabisa.

Utaniuliza: je, aliyechelewa hawezi kufidia? Anaweza, kwa kiasi. Mvua zikirudi, ndama aliyekonda hula sana na kukua haraka kuliko mwenzake aliyeshiba siku zote. Wataalamu wa mifugo wanaijua tabia hii na wafugaji wa ranchi huitumia. Lakini fidia hiyo ina mipaka. Dume aliyekonda akiwa na mwaka mmoja na nusu hufidia vizuri. Ndama aliyeshinda njaa tangu miezi yake ya mwanzo, akapata na minyoo juu yake, mara nyingi hafidii yote. Na kama ni jike, hasara ni kubwa zaidi. Mtamba hashiki joto kwa kuhesabu miaka. Hushika joto mwili unapofikia uzito fulani. Akidumaa, anachelewa kupandwa. Majira mazuri ya kupandwa yakimpita, huenda ukasubiri mwaka mzima kupata ndama wake wa kwanza.

Masika nayo ina adui zake

Usije ukasema, basi nimepata dawa, ndama wote wazaliwe masika na kazi imekwisha. Sivyo. Majani yanapoamka, kupe nao huamka. Yule kupe wa kahawia anayekaa masikioni huwa wengi wakati wa mvua, na ndiye analeta ndigana kali. Ndama akipata ndigana kali homa hupanda, tezi za chini ya sikio na begani huvimba, anahema kwa shida, na wengi hufa. Ndama wa Novemba hukutana na kupe hao angali mdogo. Kumwogesha au kumpaka dawa ya kupe kwa siku zilizopangwa si anasa. Ipo pia chanjo ya ndigana kali. Mwulize bwana mifugo wa kata yako.

Minyoo nayo hupenda majani yenye unyevu. Viluwiluwi vyake hupanda juu ya jani lenye umande, na ndama huvila pamoja na jani. Ndama mwenye minyoo huwa na tumbo kubwa, huharisha, na ufizi wake huwa mweupe badala ya kuwa mwekundu. Nitazame na mimi: hivyo hivyo ndivyo ninavyofunua kope la mtoto zahanati kuangalia kama damu imepungua.

Tena kuna matope na baridi ya usiku. Ndama akilala katika matope hupata kichomi. Mjengee kibanda kidogo kikavu, chenye paa na kinachopitisha hewa. Tandika majani makavu na uyabadilishe.

Katika mabonde ya Malagarasi na misitu ya Uvinza kuna mbung'o pia. Hao huleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Hiyo ni habari ndefu, inahitaji siku yake.

Lakini jambo moja halingoji siku wala majira, nalo ni dang'a. Dang'a ni yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake akiwa bado tumboni. Ndama hapati. Anazaliwa mtupu, bila kinga hata kidogo. Kinga yake yote ya mwanzo imo katika dang'a, na utumbo wake unaipokea vizuri katika saa chache za kwanza tu. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Ndama wa kilo 20 apate kama lita mbili siku ile ya kwanza, na aanze kabla ya saa sita kupita tangu kuzaliwa. Wako wanaomwaga dang'a wakisema ni chafu. Wako hata akina mama wanaokamua na kumwaga maziwa yao ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo. Hao wote wanamwaga dawa.

Kupanga mwezi

Kama mimba ni miezi tisa, basi mwezi wa kuzaa umeamuliwa mwezi wa kupandwa. Jike aliyepandwa kati ya mwisho wa Januari na Machi atazaa kati ya Novemba na mwanzo wa Januari. Jike aliyepandwa Septemba atazaa Juni. Ng'ombe wetu wenyewe wana akili hiyo kidogo. Jike aliyekonda kiangazi hashiki joto kwa urahisi. Akila majani ya mvua kwa miezi miwili au mitatu, mwili unarudi na joto linakuja. Ndiyo maana hata pasipo mpango, ndama wengi huzaliwa mvua zinapoanza. Kazi ya mfugaji ni kuisaidia tabia hiyo.

Katika ranchi jambo hili ni rahisi. Madume hukaa peke yao, yakaachiwa majike kwa miezi michache ya mwaka, kisha yakatolewa. Kijijini ni vigumu, kwa sababu tunachunga pamoja na dume la jirani halina kalenda. Lakini si kwamba hakuna la kufanya. Madume yasiyotakiwa yahasiwe mapema, yawe maksai wa kukokota jembe au kuuzwa. Wenye ng'ombe wanaochunga bonde moja wakubaliane juu ya dume moja au mawili mazuri, na miezi ya kuyafunga. Na jike aliyezaa alishwe vizuri masika hiyo hiyo, ili ashike mimba kabla mvua hazijakatika. Asipoishika, mwaka unampita.

Wewe wa Ujiji, Kagunga au Ilagala utasema huna ng'ombe, maana kando ya ziwa ng'ombe si wengi. Lakini mbuzi unaye. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano. Aliyepandwa katikati ya Juni atazaa katikati ya Novemba. Wamasai hufunga kipande cha ngozi chini ya tumbo la beberu ili asipande wakati usiotakiwa. Ni kifaa cha bei ndogo, na beberu hachukii kwa muda mrefu. Vitoto vya mbuzi vinaumwa sana kichomi wakati wa mvua, kwa hiyo banda lao liwe na sakafu ya fito iliyoinuliwa juu ya ardhi.

Aliyekwisha kuzaliwa kiangazi

Huwezi kumrudisha tumboni. Basi msaidie.

Wasukuma wana desturi nzuri iitwayo ngitili. Hutenga kipande cha ardhi mvua zikiwa zinanyesha, wasichunge hapo. Majani hukua na kubaki yamesimama. Kiangazi kikiwa kikali, hufungulia ndama, ng'ombe wagonjwa na wale wazee kwanza. Huko Shinyanga ardhi ilikuwa imechakaa sana. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ulianza mwaka 1986, ukawahimiza wananchi kurudisha ngitili, na miti na majani vikarudi katika sehemu nyingi. Desturi hii inaweza kushika kwetu pia. Hata nusu eka nyuma ya nyumba, iliyoachwa tangu Februari, inatosha kuwaokoa ndama wawili au watatu. Ila moto ukipita, umepoteza yote. Safisha njia ya kuzuia moto kuizunguka kabla ya Juni.

Njia nyingine ni kukata majani Aprili, yanapoanza kutoa maua, kabla ya mbegu. Yakaushe juani siku mbili au tatu, yafunge mafungu, yaweke juu ya dari au chini ya paa. Majani yaliyokatwa wakati huo hubaki na nguvu yake. Ukingoja mpaka Julai, umekata kuni. Majani ya maharage na ya karanga baada ya kuvuna yasichomwe. Hayo ni chakula kizuri cha ndama. Maganda ya mihogo yakaushwe kwanza mpaka yakauke kabisa, kwa sababu mihogo michungu mibichi ina sumu inayoua.

Na maji. Ndama wa Agosti anayetembezwa mbali kwenda mtoni na kurudi anatumia njiani nguvu yote aliyoipata asubuhi. Mletee maji nyumbani.

Kibuyu kimoja

Sasa tufike pale penye ugomvi. Kiangazi jike anatoa maziwa kidogo. Mwenye nyumba ana watoto. Mama anasema watoto wanywe. Mwenye ng'ombe anasema ndama atakufa. Nani ana haki?

Mimi ni mtu wa afya ya watoto, lakini nitasema ninavyoona. Ndama akiwa chini ya miezi miwili kiangazi, aachiwe angalau nusu ya maziwa, yaani chuchu mbili kati ya nne. Sababu ni hii. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maziwa ya ng'ombe kabisa, ya mama yake yanamtosha. Mtoto mkubwa zaidi anaweza kupewa uji wenye karanga zilizotwangwa, maharage yaliyopondwa, sombe iliyoungwa mawese, na dagaa waliosagwa. Ndama hawezi kula dagaa. Hana pengine pa kwenda.

Ikiwa nyumba ina mtoto aliyedhoofu, basi mtoto kwanza, bila mjadala, na aletwe zahanati siku hiyo hiyo. Na maziwa yoyote ya watu yachemshwe mpaka yafure. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu, na ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, ambao kwa mtu huleta homa za kujirudia na maumivu ya viungo kwa miezi.

Mtoto wa binadamu naye ana majira

Nilisema mwili wa ndama na wa mtoto hufuata sheria zinazofanana. Ushahidi mzuri umetoka nchi ya Gambia, Afrika ya Magharibi. Huko, katika kijiji cha Keneba na vijiji jirani, watafiti wamekuwa wakiwapima akina mama na watoto kwa miaka mingi. Mvua za Gambia hunyesha kati ya Juni na Oktoba. Wakati huo chakula cha mwaka jana kimekwisha, kipya hakijakomaa, na kazi ya shamba ni nzito. Waliona kwamba watoto waliozaliwa kati ya Julai na Desemba walikuwa wepesi. Kisha wakaona jambo la kutisha zaidi: wale waliozaliwa miezi ya njaa, walipokuwa watu wazima, walikufa mapema kwa wingi kuliko waliozaliwa miezi ya mavuno.

Wakajaribu dawa yake. Katika vijiji 28, kwa miaka mitano, wanawake wenye mimba walipewa biskuti za karanga zilizokaangwa, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga. Matokeo yalitolewa mwaka 1997. Watoto waliozaliwa majira ya njaa waliongezeka gramu 201 kwa wastani. Wale wa majira ya mavuno waliongezeka gramu 94. Na watoto waliozaliwa wamekufa walipungua. Karanga, ndugu msomaji! Hizi hizi tunazolima Kasulu na Kigoma.

Sasa linganisha. Njaa ya ng'ombe na njaa ya mtu hazishiki mwezi mmoja. Ng'ombe hushinda njaa Agosti na Septemba. Mtu hubanwa Novemba mpaka Januari, ghala likiwa tupu, maharage mapya bado yako shambani, mama mjamzito ameinamia jembe, na mbu wa malaria wameongezeka. Basi mtoto anayezaliwa Februari au Machi, miezi yake mitatu ya mwisho tumboni imeangukia hapo hapo. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 tunasema ana uzito pungufu. Huyo hupata baridi haraka na huugua kwa urahisi.

Simwambii mtu azae mwezi gani. Mtu si ng'ombe. Kwa mtu, kalenda haibadilishwi. Kinachobadilishwa ni sahani ya mama. Yule ng'ombe aliyezaa Novemba ana maziwa mengi wakati ule ule ghala la watu limepungua, na maziwa ya masika hutosha ndama na mjamzito. Apate kikombe chake kila siku. Wekeni debe moja la karanga tangu mavuno, msiliuze, liwe la mwenye mimba. Apunguziwe jembe na ndoo miezi mitatu ya mwisho. Alale ndani ya chandarua. Ahudhurie kliniki mapema apate vidonge vya kuongeza damu na vile vya SP vya kukinga malaria.

Kiangazi nacho kina jambo lake upande wa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Migebuka na dagaa wabichi waliadimika sokoni miezi ile ile ambayo kiwele cha ng'ombe kinasinyaa. Nyumba yenye mtoto wa kuachishwa ziwa inunue dagaa Aprili, wakiwa wengi. Wakaushwe juu ya chanja, si juu ya mchanga, wapekuliwe wasiwe na ukungu, wawekwe katika chombo chenye mfuniko mahali pakavu. Kijiko kimoja cha dagaa waliosagwa katika uji, mara mbili kwa siku, kitamvusha mtoto.

Mwisho nikupe kipimo kisichohitaji mzani. Chukua kamba isiyonyumbuka. Mzungushe ndama kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ukaze kidogo bila kumbana. Funga fundo pale kamba inapokutana. Mwezi ujao, siku ile ile, pima tena na ufunge fundo jingine. Mafundo yakiachana vizuri, ndama anakua. Fundo la pili likiangukia juu ya la kwanza, usingoje mwezi wa tatu. Angalia ufizi wake, angalia masikio kama yana kupe, hesabu chuchu unazomwachia, kisha mwite bwana mifugo.